Zege na Upepo wa Chumvi

Ukitaka kujua nyumba ya pwani imejengwaje, usiangalie rangi ya ukuta wala vigae vya sebuleni. Simama chini ya roshani upande unaotazama bahari, inua uso, angalia tumbo la slabu. Ukiona zege limepasuka kwa mistari iliyonyooka, na pembeni ya mistari pana madoa ya rangi ya chai, ujue nondo zilizo ndani zimeshaanza kuliwa na kutu. Mistari inanyooka kwa sababu inafuata nondo. Gonga hapo kwa kipini cha nyundo. Zege zima linalia kavu. Zege lililoachana na chuma chake linalia kama debe tupu.

Sauti hiyo nilijifunza kuisikiliza Raskazone, Tanga. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, mzaliwa wa Makorora, na karibu maisha yangu yote ya kazi yamepita kati ya Pongwe, mjini Tanga na Pangani. Mzee mmoja mstaafu alituita tumkagulie nyumba yake ya ghorofa moja, iliyo hatua chache kutoka majini, kwa sababu alitaka kuongeza chumba juu. Nyumba ile aliijenga kwa fedha za utumishi wake wote, tena kwa uangalifu: risiti zote alizitunza kwenye bahasha, mafundi aliwalipa kwa wakati, saruji hakuibiwa hata kilo. Tulipokwangua plasta kwenye nguzo ya barazani, tukakuta nondo ya milimita 12 imebaki karibu nusu ya unene wake, na ringi zimekwisha kabisa, zimebaki unga mwekundu. Nikaokota kipande cha zege kilichodondoka, nikakivunja. Ndani yake mlikuwa na vipande vya makombe ya baharini.

Mchanga ulichotwa ufukweni pale pale. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mzee. Mchanga ule kwa macho ulikuwa mweupe na safi, na haukutaka gharama ya lori. Kwa hiyo mafundi walipanga tofali kwa pima maji na timazi, wakanyoosha kona zote vizuri, na chumvi wakaifungia ndani.

Yanayotokea baada ya hapo hayana siri. Zege zuri lina ualkali unaokilinda chuma: juu ya nondo hujengeka ngozi nyembamba isiyoonekana, na maadamu ngozi hiyo ipo, kutu haianzi. Chumvi ikifika kwenye nondo, ngozi inavunjika. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, mara 2 hadi mara 6, na kwa kuwa zege halitanuki, linapasuka. Ufa ukishafunguka unaingiza hewa na maji zaidi, na kazi inakwenda mbio. Chumvi inayotoka nje, ile inayoletwa na upepo wa kusi, inachukua miaka mingi kulipenya zege lililoshikana. Chumvi iliyochanganywa na mchanga imeshafika kwenye nondo siku ile ile ya kumwaga.

Kila kipengele cha kiwango cha zege kwa majengo ya karibu na bahari kimewekwa kuizuia safari hiyo ya chumvi. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimboni, uliopimwa. Maji yawe ya kunywa. Maji ya kuchanganyia yasizidi kiasi, maana maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ambavyo chumvi hupitia. Nondo ifunikwe na zege la kutosha kila upande, sentimita 4 au 5, wakati fundi wa mtaani mara nyingi huacha sentimita 2 akaona amefanya vizuri. Tulipopima nguzo ya yule mzee, upande mmoja nondo ilikuwa imegusana na plasta. Hakukuwa na vipande vidogo vya zege vya kuishikilia nondo katikati wakati wa kumwaga, kwa hiyo ikaegemea mbao. Vipande vile anavitengeneza saidia fundi jioni moja, kwa saruji ya makombo.

Ghorofa ya pili haikujengwa. Tulimshauri mzee aondoe hata uzito uliokuwapo juu, na tukazivua nguzo moja moja na kuzijenga upya. Gharama yake ilizidi kwa mbali bei ya lori za mchanga wa mtoni ambazo zingetosha nyumba nzima.

Wapo wanaodhani viwango vya ujenzi vimekuja na ndege, na kwamba wazee wetu walijenga kwa kubahatisha. Mimi nimelelewa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeanza kazi kwenye nyumba za miti na udongo, baadaye akawa mwashi. Alinichukua siku moja kutengeneza paa la nyumba kongwe ya mawe, Pangani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba mno.

"Mjomba, mbona wamejibana hivi na mahali palikuwa papana?"

"Mpwa wangu, boriti ndiyo imeamua. Mkoko haukupi zaidi ya hapo. Ukilazimisha chumba kipanuke, boriti inapinda, na ikipinda dari itakushukia usingizini."

Nilikuja kupima vyumba vya namna ile baadaye, huku na huku pwani. Upana wake unachezea mita 2.5 hadi 3, karibu kila mahali, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaubeba mzigo wa dari ya mawe na chokaa bila kulegea. Fundi wa Pangani na fundi wa Lamu hawakuwahi kukaa kikao, lakini walifuata kipimo kimoja. Mjomba alikuwa na vingine. Msingi wa mawe uinuke mpaka maji ya masika yasiuguse udongo. Makuti yashuke mpaka mvua ya upepo isiulambe ukuta. Chokaa ikitoka tanuuni ilowekwe na ingojewe, isitumiwe moto. Hakuwa na karatasi hata moja ya mambo hayo, ila mwanafunzi wake akikosea, kazi ilibomolewa mbele ya watu.

Ukienda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, utaukuta msikiti na makaburi ya karne ya 14 na 15, kazi ya matumbawe na chokaa. Nguzo nyingi za makaburi zimeanguka, lakini kuta zimesimama mbele ya bahari ile ile iliyomaliza nyumba ya Raskazone katika umri wa mtu mmoja. Hazina nondo, kwa hiyo chumvi haikupata cha kula. Sisi tumeingiza chuma ndani ya mawe, na chuma kimetupa vyumba vipana na ghorofa ambazo mjomba hakuziota. Lakini chuma kina masharti yake, na masharti hayo hayakurithiwa na fundi kutoka kwa babu yake. Lazima afundishwe.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mhandisi mshauri kwenye jengo la ghorofa tatu katikati ya mji, mama mmoja mtulivu tuliyemwita Injinia tu. Kila zege lilipochanganywa alisimama na koni yake ya bati yenye kimo cha sentimita 30. Anaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka analichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, anasawazisha juu, kisha anaivua koni taratibu kwa kuinyanyua wima. Lile rundo la zege likishuka kidogo, sawa. Likisambaa kama uji, anasema neno moja: "Mwageni," na zege linamwagwa nje. Halafu anajaza vibweta vya chuma vya milimita 150 kila upande, anaandika tarehe na namba ya nguzo, na michemraba ile inalala ndani ya maji. Siku ya 7 baadhi inapelekwa kuvunjwa maabara, na iliyobaki inangoja siku ya 28.

Nilikuwapo siku ya 28 ya nguzo za ghorofa ya kwanza. Mashine inashika mchemraba juu na chini, sindano inapanda polepole, na wewe husikii kitu mpaka ule mpasuko mmoja mfupi. Zege lililotakiwa kufika nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba lilipasuka kabla ya 15. Ukavunjwa wa pili, wa tatu, matokeo yakawa yale yale. Sababu tuliijua kabla hatujarudi saiti: siku ile jua lilikuwa kali, zege likawa gumu kusukumwa, na mtu akaongeza ndoo za maji wakati Injinia yuko upande wa pili wa jengo.

Msimamizi wa mkandarasi alikuja juu. Alisema nguzo zimeshakauka, haziyumbi, zinapendeza, na muda umekwisha. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sina ugomvi na wewe, baba. Nguzo hizi zitabeba watu wamelala. Zivunjwe."

Zikavunjwa, kwa nyundo na mtaimbo, muda mrefu kuliko ulivyotumika kuzijenga. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba vifusi, na tangu siku ile sijawahi tena kuamini kuwa zege zuri linaonekana kwa macho. Nguzo dhaifu na nguzo imara zinafanana kabisa. Zinatofautishwa na kipimo, na kipimo hakina maana kama hakuna mtu mwenye uwezo wa kusema "zivunjwe" na akasikilizwa.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likiendelea kujengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo likiwa na maduka yaliyofunguliwa na wateja ndani. Waliokufa walizidi 20, na nchi nzima ilikaa siku kadhaa ikisikiliza waokoaji wakizungumza na watu waliofukiwa chini ya vifusi. Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na tume ikaundwa. Niliposikiliza habari zile nikiwa Tanga, niliwaza watu wote waliopita kati ya mchoro na funguo: aliyechora, aliyetoa kibali, aliyechimba, aliyeuza nondo, aliyekagua au aliyepaswa kukagua. Bodi ya wahandisi tunayo, bodi ya makandarasi tunayo, zote kwa sheria za 1997. Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu 1979. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya 1975. Sheria ya Mipango Miji ni ya 2007. Ulinzi umetawanyika mahali pengi, na jengo linaweza kupenya katikati.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro walipitia machungu ya namna hiyo. Mwezi Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, likaua watu karibu 50. Wakati huo Kenya ilikuwa ikitumia kanuni za majengo za 1968. Kanuni zao mpya za taifa, za 2024, zimeanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, na zimekusanya kwenye kitabu kimoja mambo ambayo kwetu mtu anayatafuta kwenye sheria na ofisi mbalimbali. Naona tufanye vivyo hivyo, na tusingoje jengo lingine.

Hata hivyo kitabu kizuri peke yake hakitaifikia mitaa ya Kange, wala Mwahako, wala Duga. Nyumba nyingi za Tanga hazijengwi na mkandarasi wala hazioni injinia. Zinajengwa na mwenye nyumba na fundi wake, kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, ada za watoto zikishalipwa ndipo lenta, halafu bati. Hilo si kosa la mtu, ndivyo watu wetu wanavyoweza. Lakini ujenzi wa namna hiyo kwenye hewa ya chumvi una hatari zake. Angalia nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo, zikingoja ghorofa ya baadaye. Zinakaa hivyo miaka mitano, kumi. Fundi anayekuja kuendeleza anaungia nondo mpya kwenye kutu. Kumbe zingepakwa saruji nyepesi ya maji na kufunikwa kwa zege hafifu la kubomoka, zingemsubiri mwenyewe salama.

Angalia na tofali. Kando ya barabara zetu kila baada ya nyumba chache kuna kijana mwenye mashine ya kufyatulia. Ukimuuliza mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi, atakujibu kwa fahari namba kubwa, kwa sababu namba kubwa ndiyo faida yake. Kinachompunguzia saruji ni soko, na mteja ambaye swali lake la kwanza ni bei. Tofali hizo zinaanikwa juani zikiwa mbichi, upepo wa kaskazi unazikausha nje kabla ndani hapajashikana, na siku ya tatu ziko kwenye toroli. Ichukue moja, iachie kutoka usawa wa kiuno. Ikigeuka mchanga chini, huo ndio ukuta wa nyumba yako.

Kinachonisikitisha ni kwamba maarifa ya kulizuia hilo yapo, na mengine yameandikwa kwenye mfuko wenyewe. Saruji inachomwa hapa hapa kwetu. Kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikizalisha tangu 1980 kutokana na chokaa ya ardhi yetu, na kila mfuko halali una namba ya kiwango, TZS 727, na maandishi mengine ambayo wengi hawayasomi. Ile 32.5 au 42.5 ni nguvu ambayo saruji hiyo lazima iifikie kwa kipimo cha maabara baada ya siku 28. Ya 32.5 inafaa kujengea tofali na kupigia plasta. Nguzo, bimu na slabu zinataka 42.5. Nimewaona mafundi wa miaka 20 kazini wakiamini kuwa tofauti ya namba hizo ni tofauti ya bei ya duka tu.

Viwango vyetu vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa vipimo vya maabara. Fundi anapima kwa ndoo. Basi mimi huwaeleza kwa ndoo. Jioni moja kule Kange, chini ya mwembe, nilikaa na kundi la mafundi na ndoo ya rangi ya lita 20. Mfuko mmoja wa kilo 50, nikawaambia, ujazo wake ni kama lita 35. Zege la kawaida la moja kwa mbili kwa nne ni mfuko mmoja, ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto. Nguzo na slabu za karibu na bahari zipewe nguvu zaidi: mfuko mmoja, ndoo 2 na nusu za mchanga, ndoo 5 za kokoto. Maji ndoo moja na robo, na kama mchanga umenyeshewa, yapunguzwe. Ndoo ijazwe mpaka ukingoni na kusawazishwa kwa ubao, si kwa koleo na makisio. Zege likishashika, limwagiliwe asubuhi na jioni siku 7, lifunikwe magunia yaliyolowa.

Fundi mmoja mtu mzima, mwenye nyumba zake nyingi mtaani, alinyamaza muda, kisha akasema, "Ndiyo haya tu? Mbona hakuna aliyetuambia, ndugu yangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo swali lake naona ni swali la wenye ofisi.

Kuna jambo jingine ambalo viwango vimelibeba na sisi tumeliacha, nalo ni joto. Tanga ina pepo mbili za kuaminika, kaskazi na kusi, na jua linalopita karibu na utosi mwaka mzima. Nyumba iliyolazwa mashariki na magharibi, madirisha yake yakafunguka kaskazini na kusini, inapokea pepo zote mbili na inalikwepa jua la asubuhi na la jioni, ambalo ndilo linalochoma ukuta. Majengo ya zamani ya enzi ya Wajerumani, mfano lile la hospitali ya kale pale Bombo juu ya bahari, yalizungushiwa baraza pana na kuinuliwa dari kwa sababu hiyo. Leo tunajenga chumba chenye dirisha moja la vioo vya kusukuma, ambalo nusu yake haifunguki kamwe, tunaezeka bati lisilo na dari, kisha tunanunua kiyoyozi na kulipa umeme kila mwezi kuondoa joto tuliloliingiza wenyewe. Tundu la hewa chini ya paa, dirisha la pili upande wa pili wa chumba, bati la rangi nyeupe, mti upande wa magharibi: haya ni ya kuamua kwenye ramani, na kwenye ramani ni bei ndogo.

Paa lenyewe lina maneno. Duka la vifaa litakuuliza geji ngapi, na anayejenga mara ya kwanza hudhani namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Kwa hewa ya bahari bati la 32 halina maisha. Na papi zikipigiliwa kwenye kenchi kwa msumari mmoja mmoja, na kenchi zikalazwa tu juu ya lenta bila kufungwa kwa waya au bamba la chuma lililozamishwa kwenye zege, siku ya upepo paa zima linanyanyuka.

Siku ya upepo inakuja. Tumezoea kusema vimbunga si vyetu, ni vya Msumbiji na Madagaska. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na nyumba, Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitukaribia kikafifia, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka eneo la Mafia. Ardhi nayo inatukumbusha. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lililotokea baharini lilitikisa Dar es Salaam, Zanzibar na Tanga. Watu walitoka nje na kanga mabegani. Bukoba hawakuwa na bahati hiyo Septemba 2016, pale nyumba za tofali zisizo na lenta zilipoanguka na watu wasiopungua 17 wakafa.

Na bahari inasogea. Mjomba alikuwa akinisimulia Maziwe, kisiwa cha mbele ya Pangani, kilivyokuwa na miti na kasa wakipanda kutaga. Miti imekwisha yote. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Pale Pangani mjini umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi, na unasaidia, lakini ukuta hauwezi kuzunguka pwani yote. Nyumba mpya zinazoota sasa kuelekea Chongoleani, tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima lilipowekwa Agosti 2017, nyingine zimesogea mpaka kwenye mikoko. Kuikata mikoko ili uone bahari ni kuubomoa ukuta ambao hukuulipia. Kiwango cha mahali pa kujenga kinatangulia kiwango cha zege, na mwenye kibali mkononi ndiye anayeweza kukisimamia.

Nimalizie na saruji yenyewe, kwa sababu vijana wangu wa saiti huniuliza kama haya mambo ya tabianchi yanatuhusu. Chokaa ikichomwa inatoa hewa ya ukaa, na moto wa kuichomea nao unatoa. Saruji ya dunia nzima inabeba karibu asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana viwango vya sasa vinaruhusu saruji yenye sehemu ya chokaa isiyochomwa au majivu ya volkano, na ndiyo maana wataalamu wa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakihimiza tofali za udongo za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo bila kuchomwa kwa kuni za Usambara. Hayo ni mazuri. Lakini saruji inayochafua kuliko zote ni ile inayotumika mara mbili. Nguzo zilizovunjwa mbele yangu, na zile za nyumba ya Raskazone zilizojengwa upya katika uhai wa mwenyewe, zote zilichomewa chokaa mara ya pili bila sababu.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga, kwa Pangani, Muheza na Mkinga, na kwa TBS, ni dogo na linawezekana mwaka huu. Chapeni karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro: ndoo za mchanga na kokoto, kiasi cha maji, umbali wa nondo kutoka ukingo wa zege, siku za kumwagilia, namba za mfuko, geji za bati, namna ya kufunga paa. Itolewe pamoja na kila kibali cha ujenzi, ibandikwe kwenye kila duka la vifaa na kila kiwanda cha tofali. Mkaguzi akija saiti aje nayo, na aje kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo kilichobaki kukagua ni rangi.

Nawe unayejenga kwa akiba yako ndogo ndogo, usimwonee haya fundi. Muulize mchanga umetoka wapi. Weka utepe wa sentimita kati ya nondo na mbao upime mwenyewe. Hesabu ndoo zikiingia. Ukiona mtu anaongeza maji ili kazi iwe nyepesi, msimamishe hapo hapo, hata kama jua linazama na vibarua wanataka kwenda zao.